Kura Moja na Sufuria za Msiba

Tumaini,

Labda mmeshaonana, wewe na mama yako, na amekwisha kukusimulia. Lakini namjua mama yako. Atakuwa amekupa nusu nzuri tu: kwamba mvua zimeanza, kwamba yule kuku wako mwekundu bado anataga kwenye tenga bovu nyuma ya jiko, kwamba mimi Sekela sijambo na bado nagombana na makondakta wa mabasi. Ile nusu nyingine atakuwa ameimeza, maana ndivyo alivyoishi. Basi nakuandikia mimi, mwenye mdomo, kama ulivyozoea kuniita.

Mama yako tumemzika. Yuko kulia kwako, upande wa ule mti wa mlonge ulioupanda mwenyewe. Hakuzikwa vizuri, Tumaini. Nalisema hili mapema ili usifikiri nazungukazunguka. Uliniomba jambo moja tu ulipokuwa umelala kule hospitalini, umekonda mpaka pete imehamia kidole gumba. Ulisema, "Mama yangu azikwe na watu, Sekela. Asizikwe kama mpita njia." Nikakujibu kwamba watu watajaa mpaka watakanyaga mahindi ya majirani. Sikukudanganya. Nilikuwa naamini kabisa.

Ngoja nikukumbushe msiba wako mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye pekee ambaye hukuuona. Sufuria zote za kikundi chetu cha akina mama cha kuzikana zilitoka, hata ile kubwa iliyovunjika mkono mmoja, ambayo hubebwa na wanawake wawili kwa mti. Unakumbuka tulivyozipata, kila mama akitoa debe lake la nyanya mpaka zikatimia? Tulipozipata tukakubaliana kwamba sufuria hazisubiri kuitwa. Mtu akifa, zinatangulia, na wenye msiba wanashtukia moto umeshawaka uani. Kwako zilifika kabla ya gari lililokuleta. Wanaume walianza kuchimba kaburi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Katika kitongoji kizima halikusikika jembe shambani, maana unajua desturi ya huku kwenu, ambayo nami Mnyakyusa wa kuolewa nilishaifanya yangu: maiti ikiwa ndani haijazikwa, hakuna anayelima. Mama Zawadi, mwenyekiti wetu, alisonga ugali kwa mikono yake, akakataa kupokewa mwiko. Na mama yako alikaa kwenye mkeka akiwa amezungukwa na wanawake pande zote, hata upepo haukumfikia.

Wewe ulipoondoka ndipo kampeni zikaanza. Unakumbuka ule mtaro wa bomba la maji uliochimbwa chini ya kitongoji chetu? Uliuruka ukiwa na ndoo kichwani, ukacheka kwamba safari hii tutaoga mpaka tuchubuke ngozi. Basi mtaro ulifukiwa na bomba likapita. Halikusimama kwetu hata kwa koki moja. Lilikwenda vijiji vya mbele, na sisi tukabaki na kisima kile kile cha bondeni na mteremko ule ule unaoua magoti. Sijui nani alichora ramani ile, na aliyeichora hakuja kutuambia.

Kwa hiyo watu walikaa wakakubaliana. Si kikao cha chama, hapana, ni sisi wenyewe wa juu huku, wanawake kwa wanaume, kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili baada ya ibada. Wakatoliki walikuwepo, Walutheri walikuwepo. Ikasemwa kwamba kwenye urais yule wa kwenye mabango makubwa hatumpi. Tutampa yule mwingine, kura zote, hata moja isipotee, ili wakiona kituo chetu wajiulize hawa watu wana nini. Watu walinyoosha mikono. Mama Zawadi alisimama akasema, "Atakayempa, asije kututazama machoni." Nikapiga vigelegele mimi. Ungenisikia ungenibana mbavu ninyamaze.

Siku ya kupiga kura mama yako alivaa kitenge chako cha zambarau. Aliwahi foleni akiwa na fimbo yake, akakataa kiti alichopewa kwa sababu ya uzee wake. Alipotoka alinifuata pale nilipokuwa nimesimama, akaniinamia sikioni kama msichana mwenye siri ya mchumba, akasema, "Nimempa yule mwingine, mwanangu. Maji lazima yaje, mgongo wangu umekwisha." Wino ulikuwa bado mbichi kwenye kidole chake. Namkumbuka hivyo, anacheka na yale mapengo.

Jioni matokeo ya kituo yakabandikwa kwenye mlango wa darasa. Tulisukumana kwenda kusoma. Yule mwingine alikuwa na kura zetu zote, msururu mzuri. Yule wa mabango alikuwa na kura moja.

Kwanza tulicheka, Tumaini. Kuna mtu alisema labda ni mzimu wa zamani umepiga. Wengine wakasema ni karani kakosea. Tulirudi nyumbani tukiimba. Nilipita kwa mama yako kumwambia, akafurahi, akanipa viazi.

Halafu redio ikaanza kutangaza. Wilaya hii imempa wa mabango. Wilaya ile imempa wa mabango. Mkoa wetu wote, Tumaini, ulimpa yeye, na si kwa kusitasita. Kaka yangu akapiga simu kutoka Mbalizi kuniuliza, "Sasa nyie Iringa mmepigaje?" Nikamwambia mkoa umempa wa mabango. Akasema, "Basi mmekula, dada, mtaletewa." Nikamwambia sisi wa huku juu hatukumpa. Akasema, "Duh." Kaka yangu mwenyewe kule kwao wamegawanyika mpaka kanisani wanakaa mabenchi tofauti, lakini alituonea huruma sisi.

Watu wa huku wakaingiwa na uchungu mbaya. Sikuwahi kuuona uchungu wa namna ile. Hatukuweza kuukasirikia mkoa, maana mkoa hauna uso na hauji kisimani kuteka maji. Walioko Kilolo mjini hatuwajui, walioko ng'ambo hatuwajui. Lakini ile kura moja ilikuwa ya mtu wetu. Ilikuwa ya mtu tunayesalimiana naye kila asubuhi. Nilijaribu kuwaambia kwamba hata ingekuwa yetu, isingebadilisha kitu chochote, mkoa ungekwenda kule kule ulikokwenda. Waliniangalia kana kwamba nimetukana msibani.

Wakaanza kunusa. Walianzia kwangu, mgeni, wa kuja, mla ndizi. Nikawaambia mchana kweupe nilichofanya, nikawaonyesha na goti langu lililovimba kwa ajili ya kile kisima, wakaniacha. Wakaenda kwa mwalimu, kwa sababu analipwa mshahara. Wakaenda kwa mwenye kibanda cha simu, kwa sababu alipewa fulana ya kampeni, kana kwamba kuna mtu huku asiyelimia fulana ya kampeni. Kila aliyeguswa aliapa, na kila aliyeapa akaanza kumnusa mwenzake. Hata mimi, Tumaini. Nilikuwa nikimuuzia mtu vitunguu najikuta namtazama vidole.

Ndipo kikundi kikaitisha kikao, pale kwenye stoo ya sufuria nyumbani kwa Mama Zawadi. Sijui wazo lilitoka kwa nani, kila mmoja leo anamsingizia mwenziwe. Ile sufuria kubwa ilitolewa nje ikawekwa chini. Kila mwanakikundi aje aweke mkono juu yake aseme, "Si mimi, na kama ni mimi, nisipikiwe." Wewe unajua uzito wa neno hilo kwetu. Mtu asiyepikiwa ni mtu ambaye akifa moto hautawashwa uani kwake. Mama Zawadi alitangulia. Aliweka mkono, akasema kwa sauti. Wakafuata wengine. Nikafuata mimi, nikasema haraka haraka, maana lilikuwa la kweli na sikuona sababu ya kulifikiria.

Zamu ya mama yako ilipofika, hakuinuka. Mikono yake ilikuwa ndani ya khanga. Akasema, taratibu kabisa, "Nilichoweka kule nimekiacha kule." Wakamwambia, mama, ni neno dogo tu. Akasema tena vile vile. Mimi nikaruka, nikasema mimi ni shahidi, mama huyu aliniambia mwenyewe siku ile ile. Mama Zawadi akaniuliza, "Ulikuwa naye mle ndani, Mama Eriki?" Nilimkazia macho mama yako aseme, aseme basi, na yeye akanitazama kwa upole akatikisa kichwa.

Kesho yake nilimfuata nyumbani nikiwa na hasira zangu zote. Alikuwa anapukuchua maharage. Nikamwambia, mama, unanitia kichaa, kwa nini usiseme wakati ulimpa yule mwingine? Hakuacha kupukuchua. Akasema, "Nikisema si mimi, watakwenda kwa nani? Waliobaki bila kuapa ni sisi wazee na wale wenye watoto mgongoni. Wakimkuta mwenyewe watamfanya nini? Mimi mtoto wangu yuko chini, mwanangu. Hawana cha kunichukulia. Waache wanione mimi." Nikamwambia kuna sufuria. Nikamwambia kuna wewe, na kile ulichoniomba. Akasimama na maharage mkononi, akafikiri, kisha akasema, "Tumaini atanisamehe." Unamsamehe, Tumaini? Mimi bado najaribu.

Kuanzia hapo wakamuacha. Hakuna aliyemtukana, usifikiri hivyo, watu wetu wana adabu. Walimsalimia "Kamwene" wakipita, wakaendelea kupita. Kisimani akifika, waliomtangulia walikuwa wanamaliza haraka. Sabuni ikimwishia, hakuna wa kumwazima. Kanisani benchi lake lilikuwa lake peke yake. Yeye alijifanya haoni. Aliniambia sasa ana nafasi ya kunyoosha mguu. Tukacheka, kisha mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na yule kuku wako akinitazama.

Maji ya kisimani alikuwa akiteka mwenyewe mpaka nilipomnyang'anya ndoo. Mume wangu naye alimkatia kuni. Watu wakaanza kututazama sisi pia, ila sisi tulikuwa tumeapa, hawakuwa na pa kutushika. Baridi ilipoingia kifua kikamkamata. Unakijua kifua chake. Nilimpeleka zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu, akarudi bustanini mwako kung'oa magugu wakati nimemkataza, kikamrudia. Siku za mwisho alikuwa akiniita Tumaini. Sikumsahihisha. Nilikuwa naitika.

Alikufa asubuhi moja nikiwa nampasha uji. Nilitoka nje nikapiga yowe, lile yowe la msiba ambalo likipigwa huku watu huacha kila walichoshika. Nikapiga tena. Mbwa walibweka. Nilisimama pale uani nikisubiri kusikia sufuria zikigongana njiani, ile sauti ambayo tulikuwa tunaifanyia mzaha wewe na mimi kwamba mbinguni watatujua kwa kelele zake. Hazikuja.

Nikaenda mwenyewe. Nilikwenda na khanga moja, bila viatu, mpaka kwa Mama Zawadi, nikapiga magoti mlangoni kwake. Mimi, Tumaini, ambaye sikumpigia magoti hata mama mkwe. Nikamwambia Mama Tumaini amefariki, naomba sufuria. Hakunitazama. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Akasema, "Sufuria ni za kikundi, Mama Eriki. Hakuapa. Mimi peke yangu siwezi." Nikamuuliza kama anakumbuka mama huyu ndiye aliyemkanda mgongo alipojifungua wa mwisho. Akasema anakumbuka. Mlango ulibaki wazi na mimi nikabaki pale, mpaka nikainuka.

Niliazima sufuria kwa mama lishe wa pale stendi, mbili ndogo, zinanuka samaki. Mume wangu alianza kaburi peke yake. Alipoona hafiki alishuka barabarani akachukua wapakiaji wa nyanya, vijana wasiomjua marehemu hata jina, na kaburi la mama yako likachimbwa na vibarua. Walichimba vizuri, sina lawama nao. Mmoja aliniuliza, "Mama, kwani huyu bibi hana kwao?" Nilimwambia ana kwao, kwao ni hapa. Akatazama huku na huku, kisha akarudi kuchimba.

Na wakati wanachimba nikasikia majembe. Si yale ya kaburini tu. Nilisikia la jirani upande wa chini, halafu la pili, halafu bonde zima. Watu walikuwa wanalima, Tumaini. Maiti iko ndani na watu wanapalilia vitunguu. Nilifunga dirisha la chumba alimolala. Najua alikuwa hasikii, lakini nilifunga.

Mwinjilisti alikuja, namshukuru. Kwaya haikuja. Nilianzisha wimbo mimi, na unajua sauti yangu, niliuanzia juu mno, nikakwama katikati, mwinjilisti akanipokea. Tulikuwa watu wa kujaa kwenye chumba kimoja. Wanangu, mume wangu, wapakiaji wakiwa wameshika kofia zao, mwalimu aliyesimama mbali kidogo karibu na njia ili aonekane kama anapita. Hakukuwa na wa kumshika mtu. Ulizoea kusema msiba mzuri ni ule unaokosa pa kukaa. Mimi nilikaa popote nilipotaka.

Baada ya hapo, mambo yakatulia. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko majembe. Watu wakaanza kucheka tena kisimani. Walipata walichokuwa wanakitafuta, mwenye kura ile amekwenda, basi kitongoji kimetakata. Wananiita, "Mama Eriki, mbona umepotea?" Walinikaribisha kikundini kana kwamba nilikuwa safarini. Bomba halijaja. Hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini tulipiga vile, wala kutuadhibu, wala kutushukuru. Nilifikiri wangetukasirikia hata kidogo. Kile kituo chetu na umoja wetu wote, sidhani kama kuna mtu aliyekitazama mara mbili. Na kisima kimeanza kutoa tope.

Sasa nisikilize, maana hili mama yako hakuweza kukusimulia, lilikuja baada yake.

Juzi nilikuwa mezani kwangu barabarani, mchana, jua kali, hakuna basi. Mama Zawadi akaja na kikapu. Akachagua nyanya, akazirudisha, akachagua zile zile tena. Nikamwambia kama hanunui asizibonyeze. Akakaa kwenye kile kigogo ulichozoea kukalia wewe. Nilitaka kumwambia ainuke. Uso wake umekwisha siku hizi, umeingia ndani. Akasema, "Ile kura ilikuwa yangu, Sekela."

Aliniita jina langu. Miaka yote hii ananiita Mama Eriki.

Akasema hakukusudia. Maisha yake yote, tangu aanze kupiga kura akiwa bibi harusi, alama yake anaiweka pale pale, kwenye picha ile ile, hajawahi hata kufikiri. Siku ile aliingia akiwa na neno letu kichwani, akashika kalamu, na mkono ukaenda ulikozoea. Alipotazama, alama ilikuwa imeshakaa. Alitaka kuomba karatasi nyingine akaogopa wataisikia nje foleni nzima, yeye aliyesema asitutazame machoni. Akaikunja akaitumbukiza. Kwenye kikao alitangulia kuapa kwa sababu aliogopa kuwa wa mwisho. Na mama yako alipokataa kuapa, akasema, alimtazama yeye, Mama Zawadi, moja kwa moja, na tangu hapo hajui kama mama alikuwa anajua au la. "Nilitaka kuja na sufuria, Sekela. Nilizitoa mpaka mlangoni. Nikaona nikizileta wataniuliza kwa nini mimi."

Halafu akasema, "Niambie niende nikaseme. Ukisema neno tu, naenda kisimani sasa hivi, wanawake wako kule, nawaambia wote."

Basi lilitokea kule kona, likasimama, abiria wakatoa vichwa madirishani wakiuliza nyanya bei gani, vitunguu bei gani, na mimi sikuinuka. Wauzaji wengine walikimbilia. Mimi nilikuwa namtazama mwanamke huyu, na ndani yangu, Tumaini, nilitaka kumshika mkono nimburute mpaka bondeni. Nilitaka waone. Nilitaka kila mwenye jembe alilete kaburini kwa mama yako apige magoti kama nilivyopiga mimi nikiomba sufuria. Jina la mama yako lingesafishika siku hiyo hiyo. Kile ulichoniomba nisingeweza kukirudisha, lakini hata hicho kipande cha mwisho ningekuwa nimekupa.

Lakini najua kingefuata nini, na wewe unajua. Mumewe Mama Zawadi hajainuka kitandani tangu apooze, anageuzwa na yeye. Wale wajukuu. Wangemsalimia "Kamwene" wakapita. Na siku moja angepiga yowe uani kwake, au yule mzee angepigiwa, na sufuria zisingekuja, na mimi ningesikia majembe nikiwa na jembe langu mkononi. Ndicho mama yako alichokikataa pale chini kwenye mkeka wa maharage. Alikwisha kuamua, na hakuniachia nafasi ya kuamua vingine.

Nikamwambia, "Nenda nyumbani, Mama Zawadi. Mzee anasubiri uji."

Alilia bila sauti, akainuka, akasahau kikapu. Nilimfuata nikampa. Ndiyo yote niliyofanya. Sijui kama ilikuwa huruma au nilikuwa nimechoka tu. Nilipanga nyanya upya, zile alizozibonyeza nikaziweka chini.

Kwa hiyo hapa kitongojini mama yako atabaki mwenye kura ile. Watoto wetu watakua wakijua kwamba yule bibi aliyelala karibu na mlonge alituuza. Wajukuu wa Mama Zawadi watalijua hilo, watalisimulia. Siku nyingine nitakuwepo wakisimulia, nitakuwa nachambua mchele, na nitauma ulimi. Mimi, mwenye mdomo.

Nakuahidi nitapalilia makaburi yote mawili, na nikiwa hai hakuna mbuzi atakayekula mlonge wako. Nakuahidi pia kwamba sitasema, hata siku nikikasirika sana, na unajua hasira zangu. Kikundini nimerudi, maana watu bado wanakufa na mikono inahitajika. Ila ile sufuria kubwa siiwekei mkono tena, namuachia mwingine aibebe.

Basi pumzika, mwenzangu. Msogezee mama nafasi, mgongo wake unamsumbua. Na umwambie kwamba ile kura nimeijua ni ya nani, na kwamba nimenyamaza. Yeye atafurahi. Mimi sijafurahi.

Ni mimi,
Sekela